Saa Saba za Harusi katika DVD Moja: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia

Katika miji ya Kilosa na Mikumi, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, shughuli kubwa ya familia haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka mpiga picha za video akabidhi kazi yake. Harusi, kipaimara, maulidi, mahafali na hata mazishi hurekodiwa kwa saa nyingi. Baadaye familia huomba kumbukumbu hiyo iwekwe katika DVD, ili ichezwe katika deki ya nyumbani na nakala zake zipelekwe kwa ndugu walio mbali. Mara nyingi ombi huwa moja: yote iingie katika diski moja.

Ombi hilo ni la haki, na kwa kiwango fulani linatekelezeka. Hata hivyo, lina gharama ambayo mlaji asipoelezwa huigundua akiwa amekwisha kulipa: nyuso hufifia, picha hujaa vijisanduku wakati wa kucheza, sauti huachana na midomo, au diski hukwama ikifika mwisho. Baya zaidi ni pale picha za awali zinapokuwa zimekwisha kufutwa, kwani hapo hakuna fundi awezaye kurudisha kilichopotea. Makala haya yanaeleza jinsi saa nyingi zinavyoingizwa katika diski moja, wakati gani inafaa kukubali na wakati gani inafaa kukataa, na haki za mlaji anapokabidhi kumbukumbu zake mikononi mwa mtu mwingine.

Diski ya kawaida ina nafasi kiasi gani?

DVD tupu ya kawaida, yenye tabaka moja la kurekodia, ina nafasi ya gigabaiti 4.7. Mlaji anayeiweka katika kompyuta anaweza kuona tarakimu 4.37 akadhani amepunjwa. Hajapunjwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali kompyuta nyingi huhesabu kwa mafungu ya 1,024. Nafasi ni ileile. Vipimo ndivyo viwili.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba DVD haipimwi kwa saa. Kanda ya VHS iliyoandikwa E-180 huchukua saa tatu kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu utepe wake una urefu maalumu. Diski ni kama debe lenye ujazo usiobadilika. Kinachobadilika ni kiasi cha data kinachomiminwa kila sekunde. Ukimimina kwa wingi, picha huwa safi na debe hujaa mapema. Ukimimina kidogo kidogo, debe huchukua saa nyingi, lakini picha hupungua ubora. Dakika 120 zinazochapwa kwenye kasha la diski ni makadirio ya kiwango cha kawaida cha kurekodi, wala si mpaka usiovukika.

Kanuni ya kumi

Mlaji anaweza kufanya hesabu mwenyewe bila kompyuta. Gigabaiti 4.7 ni sawa na megabiti 37,600. Tukiacha sehemu kidogo kwa ajili ya menyu na tahadhari, hubaki takriban megabiti 36,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Kwa hiyo, gawa 10 kwa idadi ya saa za picha ulizo nazo. Jibu ni kiasi cha megabiti ambazo kila sekunde itapata, picha na sauti kwa pamoja.

Saa 1: megabiti 10. Kiwango cha DVD hakiruhusu picha kupita megabiti 9.8 kwa sekunde, hivyo nafasi itabaki.
Saa 2: megabiti 5. Picha nzuri kwa shughuli nyingi.
Saa 3: megabiti 3.3. Picha ya kuridhisha, hasa kama kamera ilitulia kwenye kigoda chake cha miguu mitatu.
Saa 4: megabiti 2.5. Hapa hapana budi kupunguza ukubwa wa picha, kama itakavyoelezwa.
Saa 6: megabiti 1.7. Picha hafifu.
Saa 7: megabiti 1.4. Haifai kwa kumbukumbu ya kudumu.

Sauti nayo hula nafasi. Sauti isiyobanwa, ambayo baadhi ya programu huichagua zenyewe, huchukua megabiti 1.5 kwa sekunde. Katika rekodi ya saa nne, hiyo ni zaidi ya nusu ya nafasi yote. Katika rekodi ya saa saba, sauti peke yake ingelijaza diski kabla ya picha kupata hata chembe. Sauti iliyobanwa kwa mfumo wa AC-3 kwa kilobiti 192 hutumia takriban megabiti 0.2 tu, na kwa hotuba, nyimbo za kwaya na vifijo inatosha. Swali moja la mlaji kuhusu sauti linaweza kuokoa nusu ya picha.

Nini hupotea picha inapobanwa?

DVD ya kuchezwa katika deki hutumia mfumo wa MPEG-2. Mfumo huu hauhifadhi kila picha kikamilifu. Huhifadhi picha moja nzima, kisha katika picha zinazofuata huandika mabadiliko tu. Padri au shehe aliyesimama mahali pamoja akihubiri hubadilika kidogo, hivyo huchukua nafasi ndogo. Wageni wanaoserebuka chini ya taa zinazowakawaka, vumbi la uwanja wa ngoma, au majani yanayopeperushwa na upepo hubadilika kila mahali kwa wakati mmoja. Data ikiwa haba, mfumo hushindwa kuandika mabadiliko yote, na ndipo vijisanduku hutokea.

Kwa sababu hiyo, fundi mwangalifu hutumia kiwango kinachobadilika na huiacha programu ipitie rekodi mara mbili. Mara ya kwanza programu huchunguza wapi pana mwendo mwingi. Mara ya pili hugawa nafasi, ikipunguza kwenye hotuba na kuongeza kwenye ngoma. Kazi huchukua muda mrefu zaidi, lakini diski ileile hutoa picha bora. Programu ya DVDStyler, ambayo hupatikana bila malipo, ni mojawapo ya zile zinazoweza kutengeneza DVD ya deki pamoja na menyu yake.

Mlaji ajue pia kwamba DVD ya deki haibebi picha za ubora wa juu zinazotoka katika simu na kamera za kisasa. Kwa mfumo wa televisheni wa PAL, uliozoeleka nchini, picha yake haizidi pikseli 720 kwa 576. Kamera inayorekodi kwa megabiti 17 kwa sekunde hujaza zaidi ya gigabaiti 7 kwa saa moja. Rekodi hiyo ikishabanwa kuingia katika DVD, sehemu kubwa ya ubora wake haitarudi. DVD ni nakala ya kutazama. Faili la kwanza ndilo hazina yenyewe.

Njia tano za kuchagua

Tuchukue mfano wa familia ya Mikumi yenye saa saba za picha: saa mbili na dakika arobaini za sherehe ya kumuaga bibi harusi, saa moja na dakika ishirini za ibada, na saa tatu za ukumbini. Ikilazimisha zote katika diski moja ya kawaida, itapata megabiti 1.4 kwa sekunde. Njia zifuatazo zimepangwa kuanzia ile inayolinda ubora zaidi.

Kwanza, kupunguza kisichohitajika. Katika saa saba, kamera huwa imerekodi watu wakisubiri, maikrofoni ikitengenezwa, na foleni ndefu ya chakula. Mzee wa familia akae na mhariri, waamue pamoja. Mfano wetu ukishuka hadi saa tatu na nusu, kila sekunde hupata karibu megabiti 2.9 katika diski moja, yaani mara mbili ya awali. Mlaji asimwachie fundi uamuzi huu: dakika ambayo mgeni ataiona kuwa ya kuchosha huenda ndiyo pekee inayomwonyesha bibi aliyefariki mwezi uliofuata.

Pili, kugawa katika diski mbili. Saa tatu na nusu zikigawanywa, kila diski itabeba saa moja na dakika arobaini na tano, kwa karibu megabiti 5.7 kwa sekunde. Gharama ya diski tupu ya pili ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya sherehe. Wengi wanaodai diski moja wangeridhika na mbili kama wangeelezwa tofauti hii mapema.

Tatu, kutumia diski ya tabaka mbili. Hii ina gigabaiti 8.5, katika hesabu, weka 18 badala ya 10. Saa tatu na nusu hupata zaidi ya megabiti 5 katika diski moja. Tahadhari ni kwamba diski tupu ya namna hii ni ghali zaidi, na baadhi ya deki za zamani hushindwa kuisoma. Ijaribiwe kwanza katika deki itakayotumika.

Nne, kupunguza ukubwa wa picha. Kiwango cha DVD kinaruhusu picha ya pikseli 352 kwa 576, ambayo ni takriban nusu ya ukubwa wa kawaida. Data ileile ikigawiwa pikseli chache, kila pikseli hupata zaidi, na vijisanduku hupungua. Kwa kanda za VHS njia hii haina hasara kubwa, kwa sababu kanda zenyewe hazikuwa na undani wa kujaza picha nzima. Kwa rekodi ya saa nne iliyotoka katika VHS, ndiyo njia inayofaa.

Tano, kuhifadhi kama mafaili. Badala ya DVD ya deki, mafaili ya MP4 yanaweza kuandikwa katika diski au flashi. Mfumo wa H.264 unaotumika mara nyingi katika mafaili hayo hubana vizuri kuliko MPEG-2, hivyo saa nyingi huingia bila kuharibika sana. Programu ya HandBrake, nayo ya bure, hufanya kazi hiyo. Kasoro yake ni kwamba deki nyingi za zamani hazichezi mafaili haya. Kompyuta na televisheni nyingi mpya huyacheza. Kama flashi imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, haitapokea faili moja linalozidi gigabaiti 4, hata ikiwa na nafasi tele.

Kanda za zamani hazingoji

Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji mwezi Julai 2016. Kila deki inayoharibika sasa ni vigumu kuipatia nyingine. Mwenye kanda za harusi ya wazazi au za mazishi ya babu asichelewe kuzihamisha.

Kanda huhamishwa kwa muda wake halisi: kanda ya saa tatu huchezwa kwa saa tatu. Anayeahidi kuhamisha kanda kumi ndani ya saa chache aulizwe ana deki ngapi. Kanda yenye madoa meupe ya ukungu, ambayo hutokea baada ya masika mengi ya unyevunyevu, isiingizwe katika deki kabla ya kusafishwa na mjuzi, kwani inaweza kukatika na kuchafua deki pia. Kabla ya kuitoa nyumbani, vunja kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda. Bila hicho, deki haiwezi kurekodi kitu kingine juu yake.

Kabla ya kukabidhi

Mlaji anapofika studioni au kwenye steshenari inayotoa huduma hii, ajiridhishe na mambo yafuatayo, na makubaliano yaandikwe hata kama ni katika ukurasa mmoja wa daftari.

Idadi ya kanda au kadi alizokabidhi, na alama iliyo juu ya kila moja.
Jumla ya saa, na idadi ya diski zitakazotumika.
Kama atapewa DVD ya deki au diski ya mafaili.
Kama picha zitakatwa, na nani ataamua zikatwe wapi.
Kwamba picha za awali hazitafutwa mpaka mlaji atazame kazi na kuikubali.
Bei yote, malipo ya awali, na siku ya kuchukua.

Sharti la tano ndilo zito kuliko yote. Kadi ya kamera ni kifaa cha kazi, na mpiga picha huihitaji kwa shughuli ya wiki ijayo. Omba mafaili ya awali yanakiliwe kwako katika diski ya nje kabla kadi haijafutwa, na ulipie huduma hiyo ikibidi. Ukiwa na mafaili hayo, DVD mbaya ni usumbufu wa wiki moja. Ukiwa huna, ni hasara ya maisha.

Siku ya kupokea

Usiridhike kwa kutazama dakika mbili za mwanzo katika kompyuta ya dukani. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na diski iliyojazwa sana mara nyingi husumbua karibu na ukingo, yaani mwishoni mwa shughuli. Tazama mwanzo, katikati na mwisho. Chagua sehemu yenye mwendo mwingi, kama vile kuserebuka, na uangalie nyuso. Linganisha sauti na midomo. Kisha ijaribu katika deki ya nyumbani.

Diski ikikataa katika deki lakini ikacheza katika kompyuta, yamkini haikufungwa baada ya kuandikwa, au iliandikwa kwa mwendo wa kasi mno. Kwa mwendo wa mara nne, diski iliyojaa huandikwa kwa takriban robo saa. Muda huo si mrefu kwa kazi ya kudumu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski isiyoweza kufutwa huwa imeharibika, na fundi anapaswa kuandika nyingine, si kukabidhi ileile. Marekebisho yoyote yafanywe kutoka katika picha za awali, kamwe si kwa kubana tena DVD iliyokwisha kubanwa, kwani kila mbano huongeza hasara juu ya hasara.

Haki za mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu ubora wa bidhaa au huduma. Aliyeahidiwa picha safi akapewa vijisanduku ana msingi wa kudai. Aanze kwa mfanyabiashara mwenyewe, kwa maandishi, akieleza kasoro na anachotaka: kurudiwa kwa kazi au kurejeshewa fedha. Akikosa suluhu, amwone afisa biashara wa halmashauri au awasilishe malalamiko yake kwa Tume. Risiti na karatasi ya makubaliano ndizo shahidi wake. Dai risiti kila unapolipa.

Picha za familia ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya namna taarifa hizo zinavyokusanywa na kutumika. Studio isitumie picha za harusi yako kama tangazo, wala isiziweke mtandaoni, pasipo idhini yako. Mwambie fundi hivyo mapema, na liandikwe.

Diski moja haitoshi

Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika mjini Kilosa. Maelfu ya watu walihama makazi yao, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yanapoingia ndani kwa kasi hiyo, watu huwahi watoto na wazee. Sanduku la picha hubaki. Kumbukumbu iliyo katika diski moja, ndani ya nyumba moja, ina usalama uleule wa nyumba hiyo.

Kwa hiyo, weka nakala angalau mbili katika mahali pawili tofauti: moja nyumbani Kilosa, nyingine kwa ndugu aliye Mikumi, Morogoro au kwingineko. Weka mafaili ya awali katika diski ya nje, na uyahamishie katika chombo kipya kila baada ya miaka michache. DVD ihifadhiwe katika kasha lake, ikiwa wima, mbali na jua na joto. Iandikwe jina kwa kalamu laini ya wino iliyotengenezwa kwa ajili ya diski, si kwa kalamu ya kawaida yenye ncha ngumu.

Kwa muhtasari: gawa 10 kwa idadi ya saa. Jibu likiwa 5 au zaidi, diski moja inatosha. Likiwa kati ya 3 na 5, bado inafaa iwapo programu itapitia rekodi mara mbili. Likishuka chini ya 3, punguza picha, ongeza diski au badili njia. Na kabla ya hesabu yoyote, hakikisha picha za awali ziko mikononi mwako.